Viti vya Kupigia Picha

Kila aliyepata kuishi katika mji wa wilaya nchini mwetu anaijua sherehe hiyo. Turubai hufungwa uwanjani, meza kuu hutandikwa kitambaa cheupe na kuwekwa chupa za maji, na mbele yake, juani, hupangwa viti vya magurudumu kumi au ishirini vikiwa bado vimevikwa nailoni. Kando hukaa watu waliobebwa kutoka vijijini tangu alfajiri. Ngoma hupigwa, risala husomwa, mgeni rasmi husimama akasema maneno ya huruma, kisha humkalisha mmoja wao kitini na kumsukuma hatua tatu nne huku kamera zikimulika. Jioni tunaambiwa katika habari kwamba wasiojiweza wamesaidiwa.

Mimi ninaipinga sherehe hiyo. Najua neno hili litawaudhi watu wema, na baadhi yao ni marafiki zangu ambao wamechanga fedha zao kwa moyo safi. Lakini mimi ninatembea kwa chuma cha mguu, kile chenye mikanda ya ngozi na kiatu kizito, tangu nilipokuwa na umri wa miaka minne, polio iliponipitia. Nimefundisha shule hapa Tanga kwa miaka 32 nikisimama juu ya chuma hicho. Na nimealikwa katika sherehe za namna hiyo mara nyingi, aghalabu nikiombwa niandike risala kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Basi, msomaji, unisikilize hadi mwisho kabla hujaniita mtovu wa shukrani.

Tuanze na neno lenyewe, "wasiojiweza". Asiyejiweza ni nani hasa? Wewe unayesoma ukurasa huu, kama umevuka miaka 45, yumkini umevaa miwani. Ukivuliwa miwani hiyo sasa hivi, huwezi kusoma barua ya mwanao, huwezi kutunga uzi kwenye sindano, huwezi kuchambua mchele ukaona jiwe. Umekuwa asiyejiweza kwa kitambo cha kuvuliwa miwani tu. Ukirudishiwa, umejiweza. Je, siku ulipoinunua ulifungiwa turubai? Ulisomewa risala? Sijapata kuona mkuu wa wilaya akikabidhiwa miwani yake mbele ya kamera huku akinamama wakipiga vigelegele. Miwani yake ni miwani tu, lakini kiti changu ni huruma. Nataka kujua tofauti hiyo imetoka wapi, maana kwa kazi zake vitu hivi viwili ni kimoja: kiungo kimepungukiwa na nguvu, nyenzo inakiongezea.

Zamani tuliziita nyenzo za kujimudu. Siku hizi wataalamu husema vifaa saidizi, na sina ugomvi nao, ingawa neno la zamani lilisema vizuri zaidi kwamba anayejimudu ni mtu mwenyewe. Humo mna miwani, magongo, fimbo nyeupe, miguu na mikono ya bandia, vifaa vya kusikilizia, mashine za nukta nundu, hata kisanduku cha kumkumbusha mzee saa ya dawa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 orodha ya nyenzo 50 ambazo kila nchi inashauriwa kuzipa kipaumbele. Mwaka 2022 Shirika hilo pamoja na UNICEF walitoa ripoti iliyosema kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau nyenzo moja, na karibu bilioni 1 kati yao hawaipati. Katika baadhi ya nchi maskini, ripoti ilisema, anayeipata ni mtu 3 kati ya 100 wanaohitaji. Hao si kundi dogo la kuhurumiwa siku ya sikukuu. Ni mimi leo, na ni wewe ukijaliwa umri. Bara la Afrika lilitangazwa mwezi Agosti 2020 kuwa limeondokana na virusi vya asili vya polio, nami nilifurahi kama kila mtu. Lakini sisi tuliokwisha kupitiwa bado tupo, na viatu vyetu bado vinachakaa.

Sasa nirudi kwenye kiti.

Kiti cha magurudumu ni kama kiatu, hupimwa. Hupimwa upana wa nyonga, urefu wa paja, urefu kutoka goti hadi kisigino, na kimo cha mgongo unaohitaji kuegemezwa. Huulizwa mikono ya mtu ina nguvu kiasi gani, anakaa wapi, mlango wake una upana gani, njia ya kwenda kisimani au msikitini ni ya mchanga, ya mawe au ya tope. Vile vya sherehe havijui lolote katika hayo. Aghalabu ni vya aina ile iliyobuniwa kumsukuma mgonjwa katika ukumbi laini wa hospitali, kutoka wodini hadi chumba cha picha. Upana wake ni inchi 18 kwa kila mtu, awe mtoto wa miaka saba au mama wa kilo tisini. Pa kukalia ni kitambaa kinacholegea kama machela. Magurudumu ya mbele ni madogo na magumu, na katika vichochoro vyetu vya mchanga huzama. Yakikutana na jiwe husimama ghafla, kiti nacho kikasimama, ila aliyekikalia yeye huendelea na safari, kifudifudi.

Kuanguka si baya kuliko yote. Namjua kijana mmoja mkwezi, wakati ule alikuwa na miaka 26, aliyeanguka kutoka juu ya mnazi akavunjika uti wa mgongo. Jina lake nalihifadhi. Kuanzia kiunoni kushuka chini hakuwa na hisia tena. Alirudishwa nyumbani kutoka hospitali akiwa juu ya godoro, na kwa miezi minane mama yake na dada yake ndio waliokuwa miguu yake. Dada alikuwa kidato cha pili, akaacha shule. Kisha kijana akapata kiti katika sherehe. Kilimzidi upana kiganja kizima, kwa hiyo alikaa akiegemea upande mmoja. Mto hakikuwa nao. Wewe na mimi tukikaa vibaya hujisogeza bila hata kufikiri, maana mwili hutuamrisha. Yeye mwili wake haukuwa na sauti hiyo tena. Nyama iliyobanwa kati ya mfupa na kitambaa haipati damu, nayo hufa kimyakimya. Wiki chache zikapita, kikatokea kidonda karibu na kifandugu, na walipokigundua kilikuwa kimekwisha kufika mfupani. Alilazwa miezi minne. Wengi hufa kwa vidonda hivyo, yeye alinusurika.

Aliporudi nyumbani hakukitaka tena kile kiti. Na hata kama angekitaka, gurudumu moja la mbele lilikuwa limevunjika, na fundi baiskeli wa mtaani, mtu hodari ambaye amenitengenezea mikanda ya chuma changu mara nyingi, hakuwa na beringi ya saizi ile wala hakujua pa kuipata. Nilipomtembelea, kiti kilikuwa barazani, kuku wanatagia. "Mwalimu," aliniambia, "siku ile mimi sikupewa kiti. Nilipewa picha."

Katika hesabu za waliokitoa, kijana huyo hadi leo ni mmoja wa waliosaidiwa. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Wanahesabu viti vilivyotolewa. Hawahesabu watu wanaokwenda.

Wala haya si mambo mapya ambayo mtu anaweza kusema hakuyajua. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa utoaji wa viti vya magurudumu katika nchi zisizo na fedha nyingi, yaani kwetu. Mwongozo ule ulitaja hatua nane: mtu aelekezwe kwenye huduma na kupewa miadi; apimwe; achaguliwe kiti kinachomfaa; fedha zitafutwe na kiti kiagizwe; kiti kitayarishwe; ajaribishwe na kurekebishiwa; afundishwe kukitumia yeye pamoja na anayemsaidia; kisha kitengenezwe kinapoharibika, na mwenyewe afuatiliwe. Nimezisoma hatua hizo mara mbili tatu. Kukabidhiwa mbele ya kamera hakumo.

Najua nitakalojibiwa, maana nimejibiwa hivyo mara nyingi: "Mwalimu, kidogo si afadhali kuliko kukosa kabisa?" Inategemea kidogo cha nini. Unga kidogo ni afadhali kuliko kukosa. Lakini tuseme lori la dawa limefika hospitali ya wilaya, dawa mchanganyiko, na mganga mkuu akawapanga wagonjwa mstari mmoja akamgawia kila mtu chupa iliyokuwa karibu: huyu ya moyo, huyu ya minyoo, huyu ya macho. Tungesema afadhali? Tungemfikisha mahakamani. Kwa nini basi kinachokuwa kosa la jinai kwa chupa kinakuwa thawabu kwa kiti? Kwa sababu, nadhani, anayepewa kiti hahesabiwi kuwa mgonjwa mwenye haki ya tiba sahihi, anahesabiwa kuwa fukara mwenye wajibu wa kushukuru. Sadaka ni jambo tukufu, na mimi nimelelewa nikifundishwa kuitoa. Ila hata sadaka ina adabu zake, na mojawapo ni kutomdhuru unayempa.

Mambo ni yale yale katika vifaa vya kusikilizia, vile ambavyo wengine huviita shimesikio. Mtoto kiziwi wa kiasi huvikwa kimoja mbele ya wageni, anageuza shingo aliposikia makofi, watu wanalia. Kweli inaliza, nami nililia. Lakini betri zile ndogo za kitufe hudumu wiki moja au mbili. Zikishavuliwa ile karatasi yake ya kuziba huanza kuisha hata kama hazitumiki, na ukitoka mji mkubwa huzipati dukani. Tena ile kipande kinachoingia sikioni hutengenezwa kwa kufuata sikio la mtu mwenyewe; mtoto akikua sikio hukua, kipande hulegea, kifaa huanza kupiga mluzi, na mtoto hukivua kwa sababu wenzake darasani wanamcheka. Baada ya mwaka kiko kabatini ndani ya kisanduku chake kizuri. Fimbo nyeupe nayo, ambayo kila tarehe 15 Oktoba husherehekewa, ni lazima urefu wake uendane na mwenye nayo, ncha yake huliwa na ardhi kama soli, na kuna mafunzo ya kuitumia ambayo hayamalizwi kwa siku ya sherehe. Sitaki kuendelea, orodha ni ndefu na wimbo ni mmoja.

Jibu la pili ni lile la wakubwa: nchi yetu ni maskini. Hili nalichukulia kwa uzito zaidi, kwa kuwa ni kweli. Lakini umaskini ni sababu ya kuhesabu vizuri, si sababu ya kutohesabu. Nani anayelipa sasa? Hospitali ililipa miezi minne ya kitanda, dawa na bandeji kwa kidonda ambacho mto ungekizuia. Dada yule alilipa kwa masomo yake. Mama yake, mwanamke wa miaka sitini, analipa kwa mgongo wake kila asubuhi. Malipo hayo hayamo katika bajeti yoyote na ndiyo maana yanaonekana kuwa bure.

Utanisamehe nikienda mbali kidogo kutafuta hesabu, hadi Bangladesh, nchi ambayo nayo inajua umaskini ni nini. Huko watafiti waliwachukua watu 824 wa vijijini wenye umri wa miaka 35 hadi 65, wachuma chai, wafumaji, washonaji na wengineo ambao macho yao yalikwisha kuchoka kuona karibu. Nusu walipewa miwani ya kusomea mara moja, nusu wakangoja. Baada ya miezi minane kipato cha waliopewa kilikuwa kimepanda kwa theluthi moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Miwani tu, ile ya bei ndogo inayouzwa kando ya barabara! Na karibu zaidi, jirani zetu Rwanda katika miaka ya 2010 waliwafundisha wauguzi wa vituo vya afya, zaidi ya 2,000, kupima macho na kutoa miwani ya kusomea papo hapo kituoni. Hawakungoja daktari wa macho afike kila kijiji, maana hangefika. Rwanda si nchi tajiri. Walichofanya ni kuihesabu miwani kuwa ni huduma ya afya kama chanjo, wakaiweka pale chanjo zilipo.

Kwa nini sisi tusifanye hivyo kwa nyenzo zote? Mafundi hatuna? Tunao. Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, kiko chuo cha TATCOT kilichoanza mwaka 1981, nacho kimewafundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Wageni wanavuka mipaka kuja kujifunza kwetu huku mkwezi wetu anapewa kiti kisichopimwa. Kenya, chama cha APDK kilichoanzishwa mwaka 1958 kimekuwa kikiunda viti na baiskeli za magurudumu matatu, na karakana yake ya Bombolulu, Mombasa, imewaajiri watu wenye ulemavu wenyewe tangu 1969. Anayekiunda kiti akiwa mwenyewe hutembelea kiti, huhitaji kumweleza habari za mchanga. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Yuko mhandisi mmoja Mmarekani, Ralf Hotchkiss, aliyepooza katika ajali ya pikipiki mwaka 1966, na ambaye kuanzia 1980 alifanya kazi na wenzake wa Nicaragua wanaotumia viti kama yeye. Wazo lao lilikuwa jepesi: kiti kiundwe kwa vyuma na beringi ambazo tayari ziko katika maduka ya mji, ili kikiharibika fundi baiskeli akitengeneze. Miongoni mwa vitu vilivyotokana na kazi za namna hiyo ni gurudumu pana la mbele la mpira linalojulikana kwa jina la gurudumu la Zimbabwe, ambalo hupita juu ya mchanga badala ya kuzama. Wazo hilo sasa lina zaidi ya miaka arobaini. Watoto wa Kiswahili sanifu wametupatia neno "kitimwendo", nami nalipenda sana, kwa sababu linatoa hukumu lenyewe: kile cha barazani kwa mkwezi ni kiti, lakini mwendo wake uko wapi?

Sheria nazo tunazo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 20 cha Mkataba huo kinazitaka nchi ziwezeshe watu kupata nyenzo bora za kutembelea kwa bei wanayoimudu. Kimesema bora, na kimesema bei; hakikutaja hisani. Mwaka uliofuata tulitunga Sheria yetu wenyewe ya Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nami nasema bima yoyote, ya serikali au ya kampuni, itakayolipia kukata mguu wa mwenye kisukari na isilipie mguu wa bandia, imelipia nusu ya tiba, tena nusu ile mbaya. Vivyo hivyo bima itakayolipia kuunganisha uti wa mgongo kisha isilipie kiti kilichopimwa, pamoja na mto wake na tairi zake. Watu wa bima wana kawaida ya kuita vitu hivi ziada. Waje wauvae mguu wangu siku moja wapande ngazi za ofisi zao, ndipo tuzungumze habari za ziada.

Viongozi wa vyama vyetu nao nina neno nao. Tusisome risala za shukrani kwa viti ambavyo hatujavikalia. Kabla ya kukubali mzigo wowote tuulize nani atapima, nani atafundisha, vipuri vitatoka wapi, na fundi gani wa wilaya hii amekwisha kuoneshwa namna ya kuvitengeneza. Mfadhili akichukia maswali hayo, aende zake na viti vyake. Wapo watakaosema ninawakosesha watu riziki. Mwaka jana niliwauliza maswali hayo hayo wafadhili wa kikundi kimoja; wawili hawakurudi, wa tatu alirudi na fundi mwenye futi ya kupimia, wakakaa siku tatu, wakatoa viti sita badala ya ishirini. Vyote sita vinatembea mpaka ninapoandika haya. Mmoja wa waliopata ana kibanda cha kuchaji simu karibu na stendi, na kiti chake kimekwisha badilishwa tairi mara mbili, kwa mpira wa baiskeli ya kawaida.

Mgeni rasmi naye asidhani kwamba nataka kumnyima kazi. Kama anapenda kuja, aje mwaka mmoja baada ya viti kutolewa. Achukue ile orodha ya majina aliyosomewa, aende nyumba kwa nyumba, aulize kiti kiko wapi na mwenyewe amekwenda wapi nacho wiki hii. Turubai halihitajiki. Atahitaji spana namba 13, pampu, na viatu vya kutembelea mchangani.